Farasi wa Mtakatifu Martin na Uji wa Mama Mkwe

Barua ya chekechea ilisema kila mtoto aje na fanusi iliyotengenezwa nyumbani kwa vitu vya kutupwa. Hapa Bonn, Ujerumani, hilo si jambo la mchezo. Tarehe 11 Novemba, siku aliyozikwa Mtakatifu Martin mwaka 397, watoto huzunguka mitaani jioni na fanusi zao wakiimba, na mbele yao hutangulia mtu juu ya farasi, kavaa kofia ya chuma na joho jekundu. Huyo ndiye Martin, askari wa Kirumi aliyelikata joho lake kwa upanga, nusu akampa maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi.

Mke wangu alikuwa na zamu kazini. Nikabaki na watoto wawili na mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Na mkwe, kama mjuavyo, hapingwi. Akisema usiku huu jua ni kali, wewe tafuta kofia.

Nikashika chupa ya plastiki na mkasi.

"Baba, hiyo unaifanya nini?"

"Naikata, mama. Tunatengeneza taa."

"Unakata senti 25?"

Alikuwa ameshagundua kwamba Ujerumani ukirudisha chupa tupu dukani unarudishiwa hela. Tangu siku hiyo jikoni kwetu hapapitiki. Nikaweka mkasi chini.

Ikabaki njia ya puto. Unalipuliza, unalibandika vipande vya karatasi nyembamba tabaka juu ya tabaka, zikikauka unalipasua, unabaki na tufe jepesi la kutia balbu ya betri. Tatizo likawa gundi. Mkubwa, anayesoma darasa la pili, alitoa yake ya dukani na kutangaza kwamba yeye hataki mambo ya kienyeji. Bibi yake akaguna, akafunua sufuria. Ndani mna uji wa ngano uliobaki asubuhi.

"Si wamesema vitu vya kutupwa? Na huu ulikuwa wa kutupwa. Sisi tiara zetu tulikuwa tukizigandisha kwa nini?"

Uji wa tiara haukuwa na sukari, iliki na tui la nazi. Hayo niliyasema moyoni. Kwa sauti nilisema, "Kweli, mama."

Mdogo akawa anabandika, analamba kidole, anabandika. Juu akapamba kwa majani makavu aliyookota bustanini. Tukaianika fanusi karibu na hita, na nyumba nzima ikanukia maandazi.

Jioni ya maandamano mdogo alipangwa mbele kabisa, nyuma ya farasi. Tulipofika kwenye moto mkubwa wa sikukuu, msafara ukasimama na farasi akageuka. Akanusa. Akasogea. Nikamwona Mtakatifu Martin akivuta hatamu, lakini farasi ameshaamua. Fanusi ikaingia mdomoni, ikatoka nusu, ikaingia tena. Mkononi mwa mwanangu kikabaki kijiti na kibalbu kinachowaka.

Kilio chake kilizima nyimbo zote.

Mama mkwe akapita katikati ya wazazi, kanga mbili juu ya koti, akasimama chini ya yule mpanda farasi.

"Baba, mwambie huyu mtakatifu mnyama wake kala taa ya mjukuu wangu. Anatulipaje?"

Nikageukia Kijerumani. "Mama anasema farasi wenu ni mzuri sana."

Mtakatifu akamtazama mama usoni. Akaniuliza kama nina hakika ndivyo alivyosema.

"Na mwambie," mama akaendelea, "aliyekata joho hashindwi kukata jambo hili."

Hilo nililitafsiri jinsi lilivyo, maana lilinipendeza. Yule bwana akacheka hadi kofia ikamteleza. Akampa mdogo mkate wake wa sikukuu, ule unaoumbwa kama mtu, wenye macho ya zabibu kavu na kiko cha udongo, na akamwita atembee pale mbele, ashike hatamu pamoja na mtunza farasi.

Sasa zamu ya kulia ikawa ya mkubwa. Akakimbia mbele, akaiinua fanusi yake, nadhifu, iliyonyooka, akamwekea farasi mdomoni kabisa.

Farasi akanusa mara moja, akageuza uso.

"Si nilikwambia?" bibi yake akasema. "Gundi ya dukani haina ladha."