Kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji: anza kwa kuuliza kovu

Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York alisema aliyezaa kwa upasuaji mara moja atazaa kwa upasuaji daima. Enzi hizo mfuko wa uzazi ulichanwa wima, sehemu ya juu yenye misuli minene, na kovu la hapo liliachia, yaani lilipasuka, kirahisi. Siku hizi wengi huchanwa mlalo, chini, palipo pembamba. Kauli ya Cragin bado wajawazito wanaambiwa kama sheria.

Kwa hiyo uliza kwanza: nilichanwa vipi ndani? Mshono wa ngozi hauwezi kukujibu, maana nje unaweza kuwa mlalo na ndani wima. Omba mapema nakala ya taarifa ya upasuaji. Kovu la wima la juu, mfuko uliowahi kupasuka au kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi hufunga mjadala: ni upasuaji.

Kwa mwenye kovu moja la mlalo, kati ya wanawake 100 wanaojaribu, 72 hadi 75 hufanikiwa. Aliyewahi kuzaa kwa njia ya kawaida hufikia 85 hadi 90. Kovu huachia kwa takriban mmoja kati ya 200. Ni nadra, lakini likiachia mtoto hukosa oksijeni na mama huvuja damu tumboni, na dakika chache ndizo huamua. Mara nyingi ishara ya kwanza ni mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika, hata kabla ya maumivu. Ndiyo sababu yafuatiliwe muda wote wa uchungu. Kuanzishiwa uchungu, au kuuongeza kwa dripu ya oksitosini, huzidisha hatari mara 2 hadi 3. Misoprostoli, dawa nyingine ya kuanzisha uchungu, isitumike kabisa.

Upasuaji wa kupangwa, kwa kawaida wiki ya 39, karibu unaiondoa hatari hiyo. Gharama yake huonekana baadaye, na hapa naona wengi hawaelezwi vya kutosha. Kondo likikaa juu ya mlango wa kizazi, uwezekano wa kujichimbia kwenye kovu ni karibu asilimia 11 mama anapofika upasuaji wa pili, na 40 kwenye wa tatu. Anayetaka watoto wanne apige hesabu tofauti na anayefunga uzazi.

Matokeo magumu zaidi yako katikati: uchungu mrefu, kisha upasuaji wa dharura. Aliyepasuliwa kwa sababu mtoto alikaa kitako ana matumaini zaidi ya yule ambaye njia ilikwama kufunguka. Aambiwe hivyo wazi, bila kutishwa.

Kisha mkubaliane kabla: wiki 41 zikipita bila uchungu, tutafanya nini? Nani atapasua saa nane usiku, na damu ipo? Hospitali isiyoweza kufungua tumbo usiku si mahali pa kujaribu, hata mkunga awe hodari vipi. Basi iseme hivyo mapema na ikuelekeze penye uwezo huo. Na aliyechagua kupasuliwa, akifika na uchungu kabla ya tarehe, njia ikiwa imefunguka sentimita 8, aulizwe upya kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji.