Mwanafunzi wa uhasibu ana haja gani na Copernicus?

Kozi za lazima zina jina baya vyuoni. Kijana amekuja Mtwara kusoma uhasibu au ualimu, anaambiwa muhula huu asome pia historia ya mawazo makubwa: jinsi mwanafalaki Copernicus alivyoiondoa dunia katikati ya ulimwengu mwaka 1543, alichoandika Darwin mwaka 1859, na jinsi injini ya mvuke ilivyogeuza viwanda. Anauliza: hii itanipatia kazi? Swali lake ni la haki. Ada inatoka kwenye korosho za mzazi, au ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ambao akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe.

Wapinzani wana hoja nyingine, nayo kwangu ni nzito zaidi: namna kozi hizi zinavyofundishwa. Ukumbi umefurika, desa, yaani notsi za kukariri, ni lile lile la miaka yote, na kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, swali linakuja: taja sababu tano za mapinduzi ya viwanda. Watu wanakesha wakikariri, wakitoka chumba cha mtihani wameshasahau. Kama kozi ndiyo hiyo, na ifutwe.

Kuna pia hofu ya siasa, ambayo siipuuzi. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Nyerere akawarudisha makwao. Mjadala uliofuata kuhusu kazi ya chuo kikuu ulichangia kuzaliwa kwa somo la lazima ambalo wanafunzi wanaliita DS (Development Studies, masomo ya maendeleo). Wapo waliofunguliwa macho na somo hilo, wapo walioona ni mahubiri.

Hata hivyo nabaki upande wa wanaoitetea kozi hii ya mawazo, na sababu yangu haiko Ulaya, iko Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko, na pia Kongwa na Urambo. Wataalamu walikuwa wamekagua ardhi kwa wiki chache tu, wakaamini trekta zitamaliza kila kitu. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa sababu ya karanga hizo. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, paundi milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli nayo ikaja kung'olewa. Mhasibu aliyechambua mkasa huo atajua la kuuliza siku akiletewa andiko la mradi lenye tarakimu tamu.

Au chukua korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wengine wanalaumu Operesheni Vijiji iliyowatenga watu na mashamba yao, wengine bei, wengine ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho. Dawa iliyosaidia ni salfa, inayopulizwa alfajiri umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Iliokoa maua ya mkorosho, lakini ikizidi huongeza tindikali kwenye udongo, na kila msimu mkulima anaisubiri pembejeo hiyo. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wakaenda mbele, wakachagua mikorosho inayostahimili zaidi ugonjwa huo. Hapo mwanafunzi anaona ubunifu mzima: tatizo, jibu, gharama ya jibu, kisha jibu jingine. Akitoka hapo, Copernicus hamtishi tena.

Kwa hiyo ningeomba muhula mmoja, si miwili, na mawazo matatu au manne badala ya ishirini. Mtihani uwe insha: nani alilipinga wazo hili, na alikuwa na sababu gani? Wapinzani watasema insha mia tatu hazisahihishwi na mhadhiri mmoja mwenye madarasa mengine lukuki, nao wanasema kweli. Chuo kisichokuwa na watu wa kuzisoma kiwape vijana saa hizo wakafanye mazoezi ya hesabu zao, kuliko kuwauzia desa jingine.