Kabla ya Kibao, Tuanze na Paa

Fundi anayenishonea nguo hapa Jinja, Uganda, anakaa kwenye baraza ya duka la zamani, Main Street. Mvua ikianza, anasogeza cherehani hatua tatu upande wa kulia bila hata kutazama juu. Anajua bati limetoboka wapi. Beseni lina mahali pake, na ukuta ulio nyuma yake umelowa hadi usawa wa kiuno. Juu kabisa, kwenye paji la nyumba, bado yapo maua ya plasta na mwaka wa kujengwa, ingawa tarakimu moja imeshabanduka.

Watu wengi wanaotaka majengo ya zamani ya mji huu yahifadhiwe na kuwekewa vibao vya kumbukumbu huanza na hayo maua ya juu. Mimi naomba tuanze na lile bati.

Nilizaliwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi, katika mji uliokua kwa nguvu ya umeme wa bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Jirani wa kulia alikuwa Mlugbara, wa kushoto Mluo, na akina mama wote waligombana na kupatana kwa Kiswahili. Tangu Julai 2020 tunaitwa jiji, lakini sehemu ya zamani ya mji bado unaimaliza kwa miguu, ukisalimia watu njiani. Ni mji mdogo wenye kumbukumbu nyingi. Reli ya kwenda bandari ya Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912 ili pamba ya Busoga na mizigo mingine ikutane na meli za Ziwa Kyoga. Daraja la reli juu ya Nile likakamilika mwaka 1931. Pamba ilileta fedha, fedha zikaleta maduka yenye baraza pana za kuwakinga wateja na jua, na ghorofani familia zenye duka zikaishi.

Halafu ukaja mwaka 1972. Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na majengo yao yakaingia mikononi mwa bodi ya serikali ya kutunza mali iliyoachwa. Waliokaa humo walilipa kodi, ila ni nani angepanda juu kubadilisha bati la nyumba asiyojua kesho ni ya nani? Miaka ya 1990 majengo mengi yalirudishwa kwa wenyewe au warithi wao. Baadhi walirudi wakaweka mikono yao kazini, na nawapa heshima yao. Wengine wako mbali, na mpangaji anawajua kwa jina lililo kwenye risiti tu. Nyumba ikikosa mwenyewe wa kuitazama kwa miaka ishirini, thelathini, maji hayasubiri.

Nimesikia mara nyingi, hata kwa wazee ninaowaheshimu sana, kwamba hizi si nyumba zetu, ni za Wahindi na za mkoloni, na zikianguka zianguke. Hapo sikubali. Babu yangu alikuwa mchanganya chokaa kwa mafundi wa mji huu. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa chokaa mpaka uzeeni, na alipopita na sisi watoto alituonyesha kuta kwa kidole: ile, na ile pale. Hati ya kiwanja haikuwa na jina lake. Jasho lake limo ndani ya ukuta, na mimi nahesabu hiyo kuwa sehemu ya umiliki.

Ni babu huyo aliyenifundisha kwa nini kuta hizi zinakufa. Nyingi zilijengwa kwa tofali la kuchoma lililo laini na udongo wa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu: ukuta unalowa, kisha unakauka. Siku hizi ukuta ukionyesha doa, anaitwa fundi, anabandua plasta ya zamani na kupaka saruji nzito. Inapendeza kwa mwaka mmoja. Maji yaliyo ndani yanakosa pa kutokea, yanapanda na chumvi, yanalimung'unya tofali kwa ndani, na siku moja plasta inaanguka kipande kizima. Fundi anaitwa tena, anaongeza saruji. Sina lawama kwa fundi, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kazi ya chokaa.

Zanzibar wanaijua kazi hiyo, na Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo na kuua watu wawili. Niliziona picha zile nikashindwa kula. Jina kubwa halikuushika ukuta. Na huku kwetu makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi, Kampala, yaliyoungua Machi 2010, yalitolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, kwa sababu kulikuwa na watu walioibeba kazi yenyewe. Kuezeka pale ni jukumu la ukoo wa Ngeye, na maarifa ya nyasi zile yamo katika ukoo huo. Ukuta wa chokaa hapa Jinja hauna ukoo.

Sheria tunazo. Ile ya kumbukumbu za kihistoria ilikuwa ya mwaka 1967, na mwaka 2023 ikaja mpya ya makumbusho na kumbukumbu hizo. Kuna pia sheria ya mipango miji ya mwaka 2010, inayotaka kibali kabla ya kujenga. Lakini miaka michache iliyopita nililiona jengo la baraza likivunjwa Jumapili jioni, wakati ofisi zote zimefungwa. Kufikia Jumatatu mchana lilikuwa kifusi. Leo pana plaza ya vioo vya buluu, na ndani kuna joto kama la tanuri kwa sababu hakuna aliyefikiria kivuli. Mwenye kiwanja aliogopa kwamba jengo likiorodheshwa kuwa la kihistoria, atabaki na mzigo peke yake: haruhusiwi kuvunja, wala hasaidiwi kutengeneza. Nilikasirika, na bado nina hasira, ila woga wake nauelewa.

Basi huyo mtu apewe sababu ya kutunza. Halmashauri inatoza kodi ya majengo. Anayebadilisha bati na mifereji ya jengo la kihistoria asamehewe kodi hiyo kwa miaka kadhaa. Chuo cha ufundi kiwe na somo la chokaa, na mwalimu aletwe kutoka Zanzibar ikibidi. Wapangaji wa barazani waitwe kwenye vikao, maana ndio wanaojua kila tundu. Orodha na vibao vya shaba vifuate baada ya hapo. Na orodha hiyo isiishie Main Street, ifike Walukuba na Namasagali pia.

Mvua za Machi hazipo mbali. Wiki iliyopita nilipoenda kuchukua suruali yangu, fundi cherehani alikuwa amenunua beseni la pili.