Daudi, Nathani na Kiti cha Maungamo

Hoja inayorudiwa mara nyingi dhidi ya maungamo ya Kikatoliki ni kwamba Mkristo hahitaji mtu wa katikati. Mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu, kama Paulo anavyomwandikia Timotheo, na Yohana anaahidi kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Hoja hiyo ina uzito. Waliosimama kuitetea katika karne ya 16 walikuwa wameona rehema, yaani ondoleo la adhabu za dhambi, zikiuzwa kwa fedha, na hata leo wapo waumini wanaopanga foleni ya kitubio kabla ya Pasaka, wakataja dhambi za mwaka jana kwa maneno yaleyale, wakapokea malipizi na kurudia mwenendo wao.

Lakini andiko linalopendwa zaidi na upande huo, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako", limo katika Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake chenyewe kinasema ni zaburi ya Daudi, nabii Nathani alipomjia. Tukisoma Samweli wa Pili tunakuta kwamba wakati huo Uria, ambaye Daudi alizini na mkewe, alikuwa amekwisha kuuawa kwa amri ya Daudi, mjane wake amekwisha kuolewa naye na mtoto amekwisha kuzaliwa. Miezi yote hiyo Daudi alikuwa na nafasi tele ya kuzungumza na Mungu faraghani, na masimulizi hayataji toba yoyote. Mtu huyu aliyeweza kumhukumu kifo tajiri wa mfano wa Nathani, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo hakujiona mwenyewe mpaka alipoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Na msamaha nao ulimfikia kwa kinywa cha Nathani: "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Mwenye kusamehe alikuwa Mungu peke yake, naye alichagua kulitamka neno lake kupitia binadamu, kama Kristo mfufuka alivyowaambia wanafunzi kwamba wowote watakaowaondolea dhambi, wameondolewa.

Faida ya kinywa hicho ni kwamba kinauliza. Anayesali chumbani peke yake kuhusu kiwanja alichomdhulumu mdogo wake anaweza kulia kwa machozi ya kweli na bado akabaki na hati mkononi. Padre atamwuliza kama amekirudisha, na asipokuwa na nia hiyo hawezi kumwondolea. Jambo hili halikufichika hata kwa Waprotestanti wa kwetu. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafanya watu waungame kwa sauti mbele ya ndugu na kurudisha walichoiba, kwa sababu walijua kwamba kutembea nuruni kunahitaji macho ya mtu mwingine. Kasoro yake ni kwamba aliyeungama hadharani hakuwa na ulinzi dhidi ya umbeya, ilhali padre anayevunja siri ya maungamo waziwazi hutengwa na Kanisa papo hapo.

Martin Luther mwenyewe, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, hakuyafuta maungamo ya faragha. Katekisimu Ndogo, kitabu chake cha mafundisho ya imani, ina utaratibu ambamo anayeungama anaulizwa kama anaamini kwamba msamaha wa yule anayemsikiliza ni msamaha wa Mungu, na Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, linaagiza, katika kifungu cha 11, kwamba maondoleo ya faragha yadumishwe makanisani. Kwa hiyo Mlutheri anayemlaumu jirani yake kwa kwenda kitubioni anabishana kwanza na imani iliyoandikwa ya kanisa lake.

Linalobaki kubishaniwa ni jembamba zaidi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1551 ulidai dhambi zote za mauti zinazokumbukwa zitajwe. Augsburg inajibu kwamba kuzihesabu zote si lazima wala haiwezekani, ikitegemea swali la mtunga zaburi, ni nani awezaye kuyatambua makosa yake. Hapo naona Augsburg inawaelewa vizuri zaidi watu wenye dhamiri dhaifu, ambao hutoka kitubioni wakiwa na hofu kwamba wamesahau jambo. Lakini Nathani hakuleta orodha. Alitaja dhambi moja, ile ambayo Daudi hakutaka kuitaja.