Mwacheni na simu yake, lakini mfundisheni

Wakubwa zangu wa kazi wana lalamiko moja lisiloisha kuhusu wanafunzi wa udaktari tunaowapokea wodini hapa Mbeya: simu. Raundi ya asubuhi haijafika kitanda cha tatu, nusu ya vijana wameshainamisha shingo. Yupo daktari bingwa mmoja, mwalimu mzuri ninayemheshimu, ambaye hafungui mdomo mpaka simu zote ziwe zimeingia mifukoni mwa makoti, na akimfuma mtu anachungulia humtoa nje. Wagonjwa nao wana lao. Bibi mmoja aliyeletwa kutoka Busokelo alimuuliza muuguzi, kijana mwenyewe akiwa palepale, kama mjukuu huyu amekuja kumtibu au amekuja kuchati.

Kijana hakuwa anachati. Alikuwa anatafuta kipimo cha dawa. Lakini bibi angejuaje? Alimwona mtu anafika kitandani simu mkononi, "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, hakuna, shikamoo yenyewe imepita mbio, kisha vidole vikaanza kuchapa. Kwa mtu mzima wa Rungwe, mgeni asiyetulia kusalimu ana kasoro tayari, hata awe amesoma vipi.

Mimi naona tunagombana na kitu kisichotoka. Simu imeshaingia wodini na haitarudi getini. Lililo baya ni kwamba katika miaka mitano ya shahada, na ule mwaka mmoja wa utarajali unaofuata, ni nadra mwanafunzi kukaa na mwalimu akafundishwa simu hiyo itumike lini, wapi, na kwa maneno gani mbele ya mgonjwa. Tunamfundisha kushika kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo, tunamrekebisha kidole kwa kidole. Simu tunamwachia ajifundishe na wenzake hosteli.

Na hosteli wamejifundisha mengi, tusiwabeze. Kila darasa lina kundi lake la WhatsApp, na madesa, yaani maandishi ya masomo, ya mwaka uliotangulia yako Telegram. Vitabu ambavyo sisi tuligombea nakala mbili maktaba, wao wanavyo vyote ndani ya simu. Bumu, yaani fedha za mkopo, likiingia, bando ndilo linalonunuliwa kwanza, mchele baadaye. Wengi wameweka Medscape, programu ya dawa na magonjwa, kwa namna inayofunguka hata mtandao ukikatika, na Mwongozo wa Matibabu wa Taifa wanao. Ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu swali gumu leo, jibu unalipata haraka kuliko sisi tulivyoweza. Kama analielewa, hilo ni suala jingine.

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Kuna mambo ya kukaa kichwani na mambo ya kukaa kwenye simu, na mwanafunzi hazaliwi akijua mpaka uko wapi. Chukua kifafa cha mimba. Mama anadegedeka mbele yako saa nane za usiku. Hakuna anayefungua programu. Magnesiamu salfeti, gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Na kabla ya kila dozi inayofuata ugonge goti uone kama linaruka, uhesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, uangalie mkojo, na kalsiamu glukoneti iwe karibu endapo dawa imezidi. Hayo ni ya kichwani. Mwanafunzi anayeniambia "nitaangalia kwenye simu" nitamgombeza mimi mwenyewe, tena bila huruma.

Sasa chukua mgonjwa wa kifua kikuu mwenye VVU. Huku kwetu si mgonjwa wa kuhadithiwa: katika utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 mkoa wa Njombe uliongoza kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa na Mbeya wakafuata. Huyo ukimwanzishia rifampisini ya kifua kikuu, dolutegraviri, dawa ya VVU, aliyokuwa anameza miligramu 50 mara moja kwa siku inatakiwa iwe mara mbili, kwa sababu rifampisini hulifanya ini liivunje haraka. Ongeza dawa ya kifafa, ongeza ya kisukari, ongeza ya shinikizo la damu. Anayesema anayakumbuka maingiliano yote hayo kwa kichwa, mimi simwamini. Hapo simu itolewe, na itolewe waziwazi: "Bibi, naangalia dawa zako hizi zisije zikagombana tumboni." Maneno hayo hayachukui muda, na bibi wa Busokelo asingemwita muuguzi.

Halafu kuna mtego ambao wanafunzi hawauoni mpaka wanaswe. Programu nyingi wanazotegemea ziliandikwa kwa ajili ya hospitali za Marekani. Sukari ya damu zinaitaja kwa miligramu kwa desilita, wakati mashine zetu zinasoma milimoli kwa lita. Kizio kimoja cha kwetu ni sawa na 18 vya kule. Kreatinini, kipimo cha figo, ni mbaya zaidi, tofauti yake ni mara 88 na kitu. Nimewahi kusikia kwenye raundi sukari ya 20 ikitajwa kuwa "ya chini mno", wakati mgonjwa amelala pale kakauka, anapumua kwa nguvu, na kilichokuwa kinamuua ni sukari kuwa juu. Programu haikukosea. Ilijibu swali la nchi nyingine. Ndivyo ilivyo pia inapopendekeza kipimo cha CT kwa mgonjwa aliye Ileje, au dawa ambayo stoo ya hospitali ya wilaya haijawahi kuiona.

Akili mnemba nitaipitia haraka maana kila mtu anaiandika siku hizi. Historia ya mgonjwa iliyoandikwa nayo naitambua kwa sababu ni safi mno. Mgonjwa wa kweli hajibu kwa mpangilio. Anaanza na mbuzi aliyepotea, anafikia homa, anarudi kwa mbuzi.

Nirudi kwenye jambo ninaloona ni kubwa kuliko haya, nalo ni mahali vijana hawa wanapotaka kufanya kazi. Wa mwaka wa nne ukiwauliza, wanataka upasuaji, magonjwa ya wanawake, watoto, mionzi. Ganzi na usingizi hutajwa kwa nadra, patholojia karibu haipo, afya ya akili humfanya mtu achekwe na wenzake. Kuna kundi linaloongezeka ambalo halitaki kugusa mgonjwa kabisa: wanataka utafiti, takwimu, kutengeneza programu za afya. Hapa Mbeya siwashangai. Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kipo mjini, kinafanya tafiti kubwa za kifua kikuu na VVU, na mwanafunzi anaona jinsi watu wa miradi wanavyoishi. Anajua pia kwamba siku akiajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Hesabu anaijua.

Kwenda vijijini hakuna anayekutaja. Wazee wanasema vijana wa sasa wanapenda mjini, wanaogopa baridi na vumbi. Sikubaliani nao. Kwanza, wakumbuke 2017, Rais Magufuli alipotangaza kupeleka madaktari 500 Kenya, suala likakwama mahakamani kule, na serikali ikawaajiri hapa nyumbani wale 258 waliokuwa wameomba. Madaktari walikuwapo, wamehitimu, wamekaa. Nafasi za ajira ndizo zilikuwa hazipo. Pili, angalia Ikonda. Hospitali ile ya Wamisionari wa Consolata iko Makete, baridi yake inapasua midomo, mji mkubwa hauko karibu. Lakini wagonjwa husafiri kutoka mikoa ya mbali kuifuata, na wapo wanafunzi wanaoniambia wangeenda kesho wakiitwa. Kwa nini? Kwa sababu pale kuna vifaa, na kuna mtu wa kumuuliza.

Mtu wa kumuuliza. Hilo ndilo nililolisikia mara nyingi nilipoacha kuwahubiria uzalendo nikaanza kuwasikiliza. Mmoja aliniambia, "Dokta, mshahara nitavumilia. Ila nikiwa Ludewa peke yangu, mtoto kakwama kuzaliwa, saa nane usiku, nampigia nani?" Hakuwa anaringa. Alikuwa ameuona mwambao wa Ziwa Nyasa kule Lupingu, na alijua kutoka pale hadi kwa bingwa ni mwendo gani, hasa masika.

Kwa hiyo kijana huyu na simu yake ni habari moja. Simu tunayomnyang'anya wodini ndiyo itakayokuwa mwenzake wa pekee atakapofika huko tunakomlaumu hataki kwenda. Mtandao kwa sehemu unasogea: Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Lakini mnara hauna jibu la mtoto aliyekwama. Jibu analo bingwa aliye Meta, kitengo cha wazazi, au hapa rufaa ya kanda, na kwa sasa kumpata ni bahati ya kujuana. Kama ulikuwa mwanafunzi aliyependwa, unayo namba ya mwalimu na atakupokelea. Kama ulikuwa wa kukaa nyuma, unapiga picha kidonda au filamu ya eksirei, unaitupa kwenye kundi la darasa, "jamani hii nini?", na watu 90 wanamwona mgonjwa asiyejua kama kapigwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sijui wangapi kati ya hao 90 wameisoma, lakini siwezi kumlaumu sana aliyetuma. Alikuwa amekwama.

Tunajua simu ikipangiwa utaratibu inafanya kazi. M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, ni namba 115 tu, bure. Mjamzito au mhudumu anapiga, mtu wa zamu anapokea, anafuata maswali yaliyopangwa, na gari la wagonjwa likikosekana anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, analipwa kwa simu hiyohiyo. Hakuna aliyelazimika kumjua mtu. Kilichofanya kazi pale ni zamu, namba moja, na malipo yanayojulikana.

Basi daktari wa wilaya naye apewe namba yake. Najua bingwa mwenye haki ya kulala atauliza kwa nini aamshwe na kijana asiyemjua, tena bila posho, tena labda kwa swali lililomo kwenye mwongozo. Ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana mwanafunzi afundishwe tangu mwaka wa tatu namna ya kupiga simu hiyo: aseme umri wa mgonjwa, tatizo, vipimo alivyopima, alichokwisha fanya, na anachotaka kuambiwa, kwa dakika moja, bila kuanza na samahani tatu. Mitihani ya vitendo ina stesheni za kupima shinikizo la damu na kushona. Iwekwe na moja ya kumpigia bingwa. Iwekwe na nyingine ya kutafuta dozi mbele ya mgonjwa wa kuigiza, na asiyemweleza mgonjwa anachokitafuta akose alama.

Hospitali ya rufaa ya kanda inahudumia mikoa saba, kwa hiyo kuanza na yote kwa mpigo ni kujitafutia kushindwa. Mimi ningeanza na Njombe peke yake, na idara mbili, uzazi na watoto, maana huko ndiko usiku unakoua haraka. Namba moja kwa kila idara, simu ikae wodini na isiwe ya mtu binafsi, picha za wagonjwa zitumwe huko tu na zifutwe kwa utaratibu ulioandikwa. Na bingwa wa zamu alipwe posho ya usiku ule hata kama simu haikulia.