Kiki ya arobaini
Jamani, nani aliniroga nirudie pikipiki na miaka 58? Napiga kiki mpaka goti linalia kuliko injini. Vijana wa bodaboda kijiweni wananihesabia kwa sauti: 38, 39, 40!

Fundi, hata spana hajashika: "Mzee, plagi imekufa." Nanunua. Haiwaki. "Basi koili." Nanunua. Haiwaki! Kesho ataniambia nini, nibadilishe dereva?

Usiku nikafungua kabureta mwenyewe, miwani puani, tochi mdomoni. Kumbe kitundu cha jeti, kile kinachopitisha petroli humo ndani, chembamba kuliko tundu la sindano, kimezibwa na petroli iliyolala humo miezi nane ikageuka ulimbo. Nikazibua, nikapuliza. Kiki moja, ikawaka!

Sasa klachi inateleza. Wazee wenzangu, nanyi mnalala kweli?