Je, reli ya Mau ndiyo iliyoiua bandari ya Unguja?

Tangu treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ikipenya mahandaki ya milima ya Kilosa, barazani hapa Unguja yamerudi maneno ya zamani: reli za Bara, hasa ile ya Waingereza iliyovuka milima ya Mau nchini Kenya, ndizo zilizoimaliza Zanzibar. Hoja hii ina uzito. Ila naona inamshika mshitakiwa wa pili na kumwacha wa kwanza, Uingereza na mkataba wake, aende zake.

Kabla ya reli, bidhaa za bara zilifika pwani vichwani na mabegani mwa wapagazi waliotembea kwa miezi, kisha zikavushwa kwa majahazi hadi forodha ya Unguja. Mwaka 1896 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuvuka Bonde la Ufa. Kwenye ukingo wa Kikuyu ardhi inaporomoka ghafla mamia ya mita, na mafundi hawakungoja njia ya kudumu ikamilike: waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma ili mataruma na vyuma vitangulie mbele. Ng'ambo ya bonde walikabiliwa na Mau, ambako reli ilipanda zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na makorongo yake yakahitaji madaraja marefu 27 ya chuma. Desemba 1901 ikafika Kisumu. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 walikufa. Kila anayeitaja reli ile aanze na hao.

Baada ya hapo mzigo wa Uganda ulishuka Mombasa na kuingia melini moja kwa moja. Wajerumani nao walianza reli yao Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Unguja ikawa pembeni ya njia.

Upande wa pili unasema, na kwa haki, kwamba Zanzibar ilikuwa imeshapokonywa Mrima, pwani ya Bara inayoikabili, hata kabla ya taruma la kwanza. Mwaka 1890 Wajerumani walichukua pwani ya Tanganyika kwa mark milioni 4. Forodha ya Bagamoyo haikuwa tena ya Sultani. Tena misafara ile ilibeba pembe za ndovu na kusukuma watumwa; siwezi kuililia. Na Zanzibar haikufa: mikarafuu ya Unguja na Pemba iliendelea kuilisha serikali kwa miongo mingi.

Linalonikera mimi ni jambo lisilosemwa sana. Fedha zile za Wajerumani zilikuwa kama pauni 200,000. Mwaka 1895 London ilipotaka kuiondoa kampuni ya Kiingereza iliyoshika pwani ya Kenya, kampuni hiyo ililipwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha hizo hizo za Zanzibar. London ilitoa 50,000 tu. Kisha Zanzibar ikapangiwa pauni 17,000 kwa mwaka kwa ajili ya ukanda wa pwani hiyo wenye upana wa maili 10, na 6,000 kati ya hizo ni riba ya fedha zake yenyewe! Mwaka uliofuata reli ikaanzia juu ya ukanda huo huo.

Kwa hiyo milima haikutushinda, wala chuma. Zanzibar ilisaidia kulipia ardhi ya kuanzia reli bila kupata hisa ndani yake, na malipo yake yalikuwa ya kudumu kiasi kile kile, hayakuhesabiwa kwa tani zinazopita. Watetezi wa mpango ule husema Sultani hakuwa na nguvu ya kudai zaidi, na ni kweli kwamba tangu 1890 alikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Lakini mlinzi ndiye aliyeandika mkataba, na mlinzi huyo huyo ndiye aliyenufaika. Mwaka 1963, ukanda ule ulipokabidhiwa Kenya, bandari ya Kilindini ya Mombasa na mwanzo wa reli vilikwenda nao.